Makro yako inajua kwao ni wapi?

Wasee, tukubaliane kitu. Kama faili inapotea kila wiki, shida si mtu aliyeisevu. Shida ni makro isiyojua kwao ni wapi.

Huku Sori, Karungu, auntie yangu ndiye mweka hazina wa chama cha wamama wa omena. Rekodi zote ziko Excel: nani alichukua ndoo ngapi, nani anadaiwa, nani amechanga. Kompyuta hana, ana flashi. Anaingia saiba, anachomeka, anabonyeza kitufe. Sasa, aliyewaandikia makro aliweka E:\Chama ndani. Leo mashine inaita flashi E, kesho mashine ya pili inaiita F, makro inakwama. Akijaribu kusevu kwa mkono, dirisha linamfungulia Documents za saiba. Michango ya watu inabaki kwa mashine ya wenyewe, mkutano ni Jumapili, na wamama wanaanza kumwangalia kwa jicho lingine.

"Nyathina, wataniita mwizi," akaniambia. Mama amehesabu pesa za watu miaka na miaka, halafu herufi moja imharibie jina?

Dawa ni mistari miwili kabla dirisha halijafunguka:

ChDrive ThisWorkbook.Path
ChDir ThisWorkbook.Path

ThisWorkbook ni ile faili yenye makro yenyewe. Kwa hivyo popote flashi itachomekwa, GetOpenFilename na GetSaveAsFilename zinaanzia hapo hapo. Usiruke ChDrive, maana ChDir pekee inabadilisha folda bila kuhama diski. Na usiweke ActiveWorkbook, hiyo ni faili yoyote iko mbele wakati huo. Halafu hii inashika wengi: GetSaveAsFilename haisevu kitu! Inakurudishia jina tu, SaveAs unaandika mwenyewe. (Chuo niliacha, ndiyo, lakini hata huko hii hawakuwa wanafunza.)

Kuna msee atakuambia badilisha Application.DefaultFilePath umalize. Kwa laptop yako, sawa. Kwa saiba, zii. Hiyo inabaki kwa Excel hata ukishaenda, na mteja anayefuata anatafutiwa faili zake kwa flashi iliyoshapanda boda. Ni kama kuhamisha viti vya kanisa uende zako.

Na kama faili yako iko OneDrive, mistari hiyo itagoma, juu Path huko mara nyingi inaleta anwani ya intaneti, si folda. Weka kwa flashi kwanza.