Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi: Kutoka Kasese Hadi Bwera

Mji wa Kasese umekaa chini ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda. Reli kutoka Kampala ilifika hapa mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, na kwa miaka mingi mabehewa ndiyo yaliyobeba mzigo mzito wa wilaya. Leo treni haziji tena, lakini mizigo haikwisha. Msafiri aamkaye alfajiri huwaona wenyeji wakishuka vilimani na kahawa, ndizi, mihogo na kuni, na wengi wao wamejitwika wenyewe.

Mwanamke wa Kikonzo habebi kichwani kama abebavyo mwanamke wa pwani. Kapu hukaa mgongoni, likishikiliwa na ukanda uliopitishwa kwenye kipaji cha uso. Desturi hiyo ina hekima yake, kwani mteremko ni mkali, na mikono hubaki huru kushika fimbo au kumwongoza mtoto. Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipopanda vilele vya Rwenzori mwaka 1906, Wakonzo walikuwa miongoni mwa wapagazi waliomchukulia vifaa vyake. Kilele kirefu kupita vyote kina mita 5,109. Sifa za safari ile alipewa mpandaji. Maumivu ya shingo na kiuno walibaki nayo wapagazi.

Nguzo ya mwili

Uti wa mgongo ni nguzo, tena ni njia. Umejengwa kwa pingili zilizopangana moja juu ya nyingine: 7 za shingoni, 12 za kifuani, 5 za kiunoni, na chini yake zile zilizoungana kuwa mfupa wa nyonga na kifandugu. Katikati ya pingili mna visahani laini vinavyopokea kishindo cha kila hatua. Ndani ya nguzo hiyo umepita uboho wa mgongo, na kutoka humo hutokeza jozi 31 za mishipa ya fahamu iendayo mikononi, tumboni na miguuni.

Kwa sababu hiyo, kisahani cha kiunoni kikitokeza na kubana mshipa, maumivu hayakai kiunoni tu. Hushuka pajani, hupita nyuma ya goti, hufika unyayoni. Mtu hukanda mguu usiku kucha, kumbe kasoro iko mgongoni.

Barabara ya kusini hupita tambarare za Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na kufika Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta. Upande huo liko ziwa la Katwe, ambako chumvi imechimbwa tangu enzi za mababu. Wanaume huingia majini, huvunja miamba ya chumvi chini ya ziwa, huipakia juu ya vyelezo na kuivuta pwani. Kazi hiyo yote ni ya kuinama, kunyanyua na kujipinda, na kujipinda huku umenyanyua kitu kizito ndiko kunakouumiza mgongo kuliko uzito wenyewe.

Mkono wa mkandaji

Mgongo ukiuma, wengi humwendea mzee ajuaye kukanda. Hilo si jambo la kudharauliwa. Mkono wenye ujuzi hulegeza misuli iliyokaza na kurudisha wepesi wa maungo. Ng'ambo nako wametafuta njia hiyo hiyo. Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, Marekani, Daniel David Palmer alianzisha utabibu uitwao kairopraktiki, wa kunyoosha pingili kwa mikono. Alidai kuwa karibu maradhi yote hutokana na pingili zilizoacha mahali pake. Dai hilo halikuthibitishwa. Lililothibitika ni dogo, lakini lina faida: kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, tiba ya mikono yaweza kuleta nafuu, takriban sawa na ile iletwayo na mazoezi.

Hatari iko pale mkono usipojua mahali pa kukoma. Yako maumivu ya mgongo yatokanayo na kifua kikuu kilichoingia katika pingili. Mgonjwa hupata homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, na hatimaye huota kibyongo. Pingili zilizoliwa namna hiyo zikisukumwa kwa nguvu, zaweza kuporomoka na kuuponda uboho wa mgongo, na mtu aliyekuja akitembea akarudi amebebwa. Maradhi hayo yana dawa, nayo hunywewa kwa miezi mingi bila kukatiza. Hayaponi kwa kukandwa.

Kuelekea mpakani

Kutoka Kikorongo njia hukata kulia, hupita Kisinga, ilipo hospitali ya Kagando, kisha hufika Bwera, penye hospitali ya serikali. Katika njia hiyo baiskeli zilizosheheni mikungu ya ndizi husukumwa na vijana walioinama. Ni vema kila nyumba ijue dalili zinazomtaka mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo: miguu kulegea, ganzi mapajani kwa ndani na sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka bila hiari, na maumivu makali baada ya kuanguka.

Maumivu mengine mengi hupungua katika majuma machache, mradi mtu asilale kitandani mchana kutwa. Atembee taratibu na kufanya kazi nyepesi. Aokotapo mzigo akunje magoti, aukumbatie karibu na kifua, na ageuke kwa miguu, si kwa kiuno. Askari apandaye doria na shanta afunge mikanda yote miwili, vitu vizito vikae karibu na mgongo. Naye asimamaye lindo asiukaze mwili kama mti mkavu, bali ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Nyumbani, ndoo mbili ndogo zina heri kuliko moja kubwa, na mtoto asitwishwe mzigo wa mtu mzima.

Mbele ya Bwera ni Mpondwe, na mto Lubiriha ndio mpaka wa Kongo. Siku ya soko watu hujaa pande zote mbili, na lugha ya Kiswahili husikika katika kila bei. Hapo mwanamke hutua kapu, huvua ukanda kipajini, hujinyoosha, hushika kiuno. Wapitao hawamwangalii, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mumewe na wanawe wampokeapo jioni wanaweza kuupima mzigo huo kwa mikono yao, na kesho yake kuugawa.