Ndoa Ilipoonekana Mwilini

Miaka ya 1980, kwetu Tanga, bibi harusi akimaliza mwaka mzima bila kuongezeka mwili aliwatia wazee wasiwasi. Shangazi zake walimtazama mikono, wakamtazama mashavu, kisha wakaulizana pembeni: kwani huko anakula nini? Lawama haikumwendea yeye, ilimwendea mume. Mke akinawiri, mume alipita barazani kifua mbele. Akikonda, wakwe walikuwa na haki ya kubisha hodi na kuuliza.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani Ngamiani, na mambo hayo aliyajua kwa futi yake. Akishona nguo za bibi harusi aliacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono wa ubavuni, upana wa vidole viwili, wakati wateja wengine aliwaachia kidogo tu. Hakuna aliyemwagiza. Baada ya miezi kadhaa wale mabibi harusi walirudi mmoja mmoja, gauni limebana kwapani, naye akafumua mshono kwa wembe huku akiwatania: "Naona mambo si mabaya, mwanangu." Msichana wa watu anainamisha uso, anacheka. Mimi nilikuwa chini ya meza naokota nyuzi, na kwa akili yangu ya kitoto nilijua kwamba gauni kubana ni habari njema.

Haikuwa ushamba. Nyumba nyingi zilikuwa zimetoka kwenye shida. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari, mafuta ya kupikia na hata sabuni vilipatikana kwa foleni, na mara nyingine kwa kujuana. Mume akiingia ndani na kilo mbili za sukari kwenye kikapu, mapenzi yake yalionekana kwa macho. Halafu likaja lile gonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na tulipoingia miaka ya 1990 hofu ilikuwa imeshafika kila mtaa. Kukonda kukawa kesi. Mwanamume wa safari za mbali akirudi mashavu yamebonyea, mkewe hakupata usingizi. Akirudi na kitambi, mke alimshukuru Mungu kimoyomoyo na kumwongezea wali. Kizazi changu kimeoana ndani ya hofu hiyo, na sidhani kama imetutoka kabisa.

Siwezi kuzisifu enzi zile moja kwa moja, kwa sababu sifa zile ziliwaumiza watu wetu. Mama yangu mdogo kila alipojifungua alilishwa uji wa pilipili manga, supu ya kuku na samli mpaka arobaini, akafungwa mkaja tumboni kama desturi ilivyotaka. Mwili ulipozidi kuongezeka, hakuna aliyeona ni jambo la kumpeleka hospitali. Kiu ya usiku, kuamka kwenda haja ndogo mara kwa mara, kidonda mguuni kisichokauka: vyote vilifunikwa na lile neno la kila mtu, "kashiba". Alipokuja kupimwa, kisukari kilikuwa kimeshajenga nyumba.

Hata hivyo kuna kitu tulikuwa nacho ambacho leo sikioni. Mwili wa mke ulikuwa shauri la watu wawili. Siku hizi mwanamke ameachiwa peke yake.

Na wanaoachiwa si wachache. Utafiti wa taifa wa afya wa 2004 hadi 2005 ulikuta wanawake 18 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ule wa 2015 hadi 2016 ukakuta 28, na mijini ndiko hali ilikozidi. Sababu tunazo mikononi. Mtoto wa kaka yangu anaishi Dar es Salaam, anaamka alfajiri, anakaa kwenye daladala, anakaa ofisini, anakaa tena kwenye foleni ya kurudi. Saa mbili usiku ndiyo anashuka kituoni, na chipsi zipo palepale. Ameshazaa. Amewahi kutumia sindano ya uzazi wa mpango, ambayo baadhi ya wanawake huwaongezea uzito. Mwili wake umefanya yale ambayo mwili wa mtu yeyote ungefanya.

Nilikwenda kumtembelea. Usiku alimwandalia mumewe wali na nyama, akaweka mezani, akakaa na watoto mpaka wakamaliza. Kisha akarudi jikoni, akala kabichi la kuchemsha akiwa amesimama kando ya sinki, mgongo ameupa mlango. Nikamuuliza mbona hali na wenzake. "Shangazi, nikikaa mezani ananiangalia mkono," akaniambia. "Ananiita bonge mbele ya watoto. Eti nimejiachia." Akaniambia pia kwamba siku hizi hubadilishia nguo bafuni, komeo ndani. Mwanamume huyohuyo ana kitambi kinachomkatisha pumzi akipanda ngazi, na rafiki zake wanakiita mafanikio.

Liliniuma. Tena liliniuma zaidi kwa sababu namjua yule kijana, si mtu mbaya. Alilia siku ya ndoa yake. Hajui tu mambo haya yasemweje. Baba zetu walirithi maneno ya kumsifu mke aliyenenepa, na yeye hakurithi maneno ya kumwambia mke wake kwamba anamhofia presha, kwa hiyo akaokota yale ya mtandaoni.

Wanaume nao wanaumia, ila wao hunyamaza. Kisukari na presha vikikaa mwilini huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na nguvu za kiume hupungua. Mume hasemi. Anaanza kuchelewa kurudi, anajifanya amechoka, anahamia upande wa ukutani. Mke naye, ambaye kila siku anaambiwa kuhusu mwili wake, anaamini kwamba kisa ni mwili wake. Anaagiza chai za kupunguza tumbo, anashinda njaa, anafikiri kuna mwanamke mwingine. Nimewaona watu wakifikishana kwa wazee, mahari yakitajwa, na ugonjwa wenyewe haujatajwa hata mara moja. Kipimo cha sukari ni tone moja la damu kidoleni. Ndoa inavunjika kabla ya tone hilo.

Uzeeni mama yangu naye alikutwa na kisukari. Daktari akamkataza sukari, akamwambia atembee. Baba, yuleyule aliyekuwa akimletea haluwa kila Ijumaa, akaacha sukari kwenye chai siku ileile. Yeye hakuwa na kisukari. Hakutoa hotuba, alisogeza kopo tu na kunywa chai chungu akikunja uso, na mama akamwambia, "Baba, wewe kunywa yako bwana." Hakunywa. Jioni wakawa wanatoka pamoja kuelekea Raskazone, mama mbele kwa sababu ya hasira, baba nyuma na fimbo yake. Mama alipungua kidogo tu. Sukari yake ilishuka.

Mama mdogo bado yu hai, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Benchi limejaa wanawake, kila mmoja kasindikizwa na binti au dada yake. Waume ni wa kuhesabu. Nikimwona mwanamume amekaa pale kashika kadi ya mkewe, namwamkia hata kama simfahamu, na nikipata nafasi namwambia asante.