Ghafla, Uvamizi na Maneno ya Jamaa Yake

Watoto tunaowafundisha hapa Busisi wana ada ya kulitaja kila jambo baya kwa neno moja tu: kuvamiwa. Mamba kavamia, homa imevamia, wezi wa nyavu wamevamia mwalo, hata usingizi nao umewavamia darasani. Tungeliacha lipite kama mchezo wa watoto, lau wakubwa wao wasingesema vivyo hivyo, tena kwa mambo ambayo kosa la neno laweza kumdhuru mtu.

Kuvamia ni kumwangukia mwingine kwa nguvu, na neno hili lataka mvamizi mwenye nia. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, nchi nzima ilisema uvamizi, na neno likakaa mahali pake, kwani mpaka ulijulikana na adui alijulikana. Machi 1979 ndege ya vita ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, iliangusha mabomu Mwanza. Yakakosa shabaha, yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Hilo ni shambulio. Lilikuja bila taarifa, lakini hapana aliyekwenda kwa mganga kuuliza nani kalituma.

Kuvizia na kuotea ni maneno ya subira. Vijana wa mpira wamelihifadhi vizuri la pili, maana mchezaji aliyeotea ni yule aliyetangulia kukaa mahali akingoja mpira umfikie. Mamba naye hufanya hivyo. Hulala majini pale pale tunapoteka maji, akatujua saa zetu kuliko tunavyozijua wenyewe. Nasi husema amekuja ghafla! Wengine huongeza kwamba ni mamba wa kutumwa, na hapo ndipo neno huanza kutafuta mtu wa kumshika.

Hujuma limegeuka zaidi. Kwa Kiarabu asili yake ni kushambulia, hata mchana mweupe. Kiswahili kimelitia giza, likawa uharibifu wa siri. Mwaka 1983, katika vita vilivyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, walioshutumiwa kuficha bidhaa waliitwa wahujumu uchumi. Ni neno la kutamkwa kwa ushahidi, kwa sababu mhujumu hudhaniwa kuwa yu ndani, na aliye ndani aweza kuwa yeyote.

Ama neno ghafla lenyewe lina jambo la ajabu. Katika Kiarabu si upesi wala mshituko. Ni hali ya kutokuwa macho. Ndiyo maana yake mwanzoni mwa Sura ya Al-Anbiyaa, panapotajwa watu ambao hisabu yao imekaribia nao wamo katika ghafla. Kwa jambo lijalo bila kutazamiwa, Qur'ani hutumia neno jingine, baghta. Sisi tumeichukua sifa ya mtu aliyejiwa tukalivika jambo lenyewe, na maana ya kwanza imebaki katika kughafilika tu.

Tulilikumbuka hilo baada ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa Juni 2025. Alfajiri moja mzee mmoja, baba wa mwanafunzi wetu, aliinama kutawadha akaanguka. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito. Nyumba ilijaa watu. Neno la kwanza tulilolisikia mlangoni lilikuwa "kapigwa," na la pili, "karushiwa kitu." Kitenzi cha namna hiyo hakitulii mpaka kipate mtenda. Watu wakaanza kuhesabu: nani alipita hapa jana jioni, nani hakuitikia salamu, nani alimdai. Tuliwakumbusha Sura ya Al-Hujurat na makatazo yake juu ya dhana. Wakasema amina, wakaendelea kuhesabu. Saa tatu nzima zikapotea hivyo, na daraja liko pale pale! Zamani tungesema twangoja kivuko. Sasa gari huvuka kwa dakika chache kuelekea Bugando.

Aliyekata maneno ni mkewe. Alitoka chumbani akasema, "Mume wangu ni mgonjwa. Nitafutieni gari." Mgonjwa hana aliyempiga, ana hospitali. Gari likapatikana mara moja.

Daktari alitueleza kwamba kiharusi ni mshipa wa damu ubongoni kuziba au kupasuka, na kwamba chanzo chake kikubwa ni shinikizo la damu, ambalo laweza kukaa mwilini miaka mingi pasipo maumivu yoyote. Akasema saa za mwanzo ndizo zenye faida kubwa ya matibabu. Basi ugonjwa ulikuwa na umri wake. Ghafla ilikuwa yetu. (Magazeti nayo huandika "shambulio la moyo," utadhani moyo una adui aliyejificha nyuma ya ua.)

Lakini kabla gari halijaondoka, jina lilikwisha tajwa. Lilikuwa la bibi kizee akaaye peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yake yote. Wasomaji wa Mwanza na Shinyanga hawahitaji kuelezwa macho mekundu yamewagharimu nini vikongwe wa kanda hii. Miaka ya 1990 na baadaye wengi waliuawa kwa mapanga, kwa neno lililoanza kama hili, nyumbani mwa mgonjwa. Jioni ile tulikwenda kwake pamoja na mke wa mzee, tukaketi uani pake mpaka isha, ili apitaye atuone.

Mzee sasa huja msikitini kwa mkongojo, na maneno yake yanaeleweka. Bibi yule bado hufunga mlango wake kabla jua halijazama.