Mama Tanzania wa Ruvumera

Buyenzi, Bujumbura

Dada yangu,

Ujumbe wako umenifika pamoja na swali la mjomba: eti tangu niolewe huku, nimeshakuwa Mrundi? Namjibu hapa gazetini, maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

Asubuhi mimi ni muuza vitenge soko la Ruvumera. Wateja huniita Mama Tanzania, na kwa jina hilo natakiwa nijue bei ya mchele Kigoma, meli ya mizigo inaingia lini, hata Simba na Yanga nani kashinda. Mchana mtoto wa jirani akilemewa na somo la Kiswahili huletwa kwangu. Nikivuka kizingiti cha nyumbani ni mkamwana wa mama mkwe asiyejua ila Kirundi, nami humjibu kwa Kiha cha bibi yetu. Tunaelewana. Hucheka matamshi yangu, lakini penye msiba hunikalisha kati ya binti zake. Kwenye kikundi cha akina mama msikitini nimeshika hazina, na huko hawaulizi nilizaliwa wapi, bora hesabu zitimie.

Wote hao ni mimi, na hakuna wa bandia hata mmoja. Mjomba alielewe hilo kwanza.

Tena yeye ni Muha, anajua uchungu wa kutakiwa awe kitu kimoja. Ni mara ngapi watu wetu wameshushwa kwenye basi wathibitishe kwamba si Warundi, kwa sababu tu ya lafudhi? Kwetu tunatiliwa shaka. Huku nikifungua mdomo tu wanajua nimetoka ng'ambo ya mpaka.

Nina jirani hapa, fundi wa magari, aliyezaliwa makazi ya Ulyankulu, Tabora, kwa wazazi waliokimbia mauaji ya 1972 hapa Burundi. Wenzake zaidi ya 160,000 wamepewa uraia wa Tanzania. Yeye alichagua kurudi. Huko alikuwa mkimbizi wa Kirundi. Aliporudi kwenye kilima cha babu yake, wakamwita Mtanzania. Buyenzi ndiyo iliyompokea bila kumhoji sana, na hilo halinishangazi. Mtaa huu wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji umejaa watu wenye asili ya Ujiji, Manyema na kwingineko Kongo, waliooana na wenyeji hata ukoo mmoja ukawa na majina ya pande zote za ziwa.

Nchi yenyewe hulazimika kuhesabu watu kwa namna nyingine. Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000, ambao Mwalimu Nyerere alisimamia mazungumzo yake hadi kifo chake kisha Mandela akaukamilisha, ulizaa Katiba ya 2005. Bungeni Wahutu ni asilimia 60, Watutsi 40, wanawake wasipungue 30, na Watwa wana viti vyao vitatu. Siudharau mgawo huo. Vita vilivyoanza 1993 vilikula watu wapatao laki tatu, na aliyezika watoto wake ana haki ya kutaka kujua nani ameshika jeshi na nani anatunga sheria. Lakini fomu ya bunge haiwezi kumweleza mtu mzima. Mwanangu baba yake ni Mrundi, mama yake Muha, rafiki zake nusu ni Wakongo wa Uvira, na sitaki akue akidhani lazima amkane mmoja ili ampende mwingine.

Kwa hiyo mwambie mjomba: ndiyo, mimi ni Mrundi wa mama mkwe wangu, na Muha wa Ujiji sijaacha kuwa. Akitaka ushahidi, aje likizo ya Desemba. Hapa kuna kitanda na samaki wetu wa ziwani, mukeke, wa kuchoma.

Nawe nakuomba jambo moja. Mrekodi bibi kwenye simu akisimulia hadithi zake kwa Kiha, usimkatize, hata zikiwa ndefu. Mama mkwe ameniomba azisikie. Anasema baadhi anazijua, ila kwao mwisho wake ni mwingine.

Mdogo wako.