Benchi la mlangoni

Vijana wa Kyondo walinituma Bwera nikachague televisheni ya kibanda chetu cha filamu. Pesa ilikuwa ya michango, wengine walitoa shilingi 500 tu.

Dukani muuzaji akaniwashia moja ya inchi 55, ya 4K. Samaki wanaogelea, rangi zinawaka, nikabaki mdomo wazi.

"Hii ndio mwisho, ndugu yangu."

Nikachomeka flashi yangu yenye filamu tunazoangalia, zile zinazotafsiriwa na ma-VJ. Picha ikawa ya ukungu. 4K ina nukta 3840 kwa 2160, lakini filamu zetu ni za nukta chache, na kioo hakiwezi kurudisha kitu ambacho hakimo. Halafu nikaenda kusimama pembeni kabisa, ukutani. Nyuso zikapauka.

"Mbona unasimama huko?"

Huko ndiko wasichana wetu wanakaa, kwenye benchi la mlangoni, maana wavulana wanawahi katikati. Paneli ya VA inatoa weusi mzuri ukikaa mbele. Ya IPS inashika rangi hata ukiwa pembeni. Nikachukua ya IPS, inchi 43, ambayo sola yetu inaiweza. Pesa iliyobaki nikanunua spika.

Wavulana wakanuna. "Tulikutuma kubwa, umeleta ndogo!"

Sikubishana. Nikawaomba filamu ya kwanza waiangalie kutoka benchi la mlangoni. Walikaa pale saa moja na nusu. Jumamosi iliyofuata nilikuta wamepanga mabenchi upya, bila kuambiwa.