Mwalimu Arudipo Chuoni

Barua ilitufikia baada ya sala ya alasiri, katika mwezi wa Machi mwaka 2018, nayo ilikuwa ikituita kuhudhuria mafunzo ya walimu wa vyuo vya Qurani, siku kumi, mjini Mombasa, wakati wa likizo ya Aprili. Wasomaji wetu watatuwia radhi kwa kulianza jambo hili na kosa letu wenyewe. Tulipoimaliza barua ile hatukufurahi, tulighadhibika. Wakati huo tulikuwa tumefundisha miaka 26, watoto waliohitimu mikononi mwetu hatuwezi kuwahesabu, na baadhi yao leo wasalisha watu misikitini. Basi ni nani huyo atakayetufundisha sisi kufundisha? Tukaikunja barua, na jioni tukamsimulia mama watoto khabari yake kwa dharau. Naye alikuwa akipeta mchele, hakuinua uso, aliuliza tu: "Maalim, Nabii Musa alikuwa na umri gani alipomfuata Khidhri?"

Hatukuwa na jawabu. Kisa hicho twakisomesha kila mwaka, tangu aya ya 60 ya Suratul Kahf hata aya ya 82, namna Mtume mwenye kitabu chake alivyofunga safari kumtafuta mja aliyepewa elimu ambayo yeye hakupewa, akamwomba ruhusa ya kumfuata ili afundishwe. Twakisomesha, lakini haikutupitikia kamwe kuwa chatuhusu. Tukaenda Mombasa.

Mkufunzi wetu alikuwa mwanamke, umri wake sawa na wa binti yetu wa kwanza. Walimu wawili, wazee kuliko sisi, walikwenda kuketi nyuma kabisa, kama watu wanaotaka kuwa karibu na mlango. Yeye alimwamkia kila mmoja wetu shikamoo kwa adabu, wala hakusema neno juu ya Qurani wala juu ya tajwidi. Alisema hayo nyinyi mwayajua kuliko mimi. Akatugawia karatasi yenye mstari mmoja wa maandishi ya Kihabeshi, ambayo hapana katika sisi aliyeyajua. Akasoma, tukamfuatisha kwa sauti. Akasoma tena, tukafuatisha. Aliyekosa alinyoshewa kalamu kwa ukali wa mchezo. Kabla ya adhuhuri sote tulikuwa twausoma mstari ule bila ya kukosa, na wengine tukaanza kujisifu. Hapo ndipo alipochukua mkasi, akaukata mstari vipande vipande, akavichanganya, akampa kila mmoja kipande kimoja na kumwuliza: hii ni herufi gani?

Hapana aliyejua. Tulikuwa walimu 22 chumbani, na palikuwa kimya kama maziarani. Mmoja wa wale wazee walioketi nyuma alisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, umetuvua nguo." Naye akamjibu, "Sikukuvueni, Maalim. Mimi mwenyewe nilivuliwa hivi hivi."

Watu wa pwani wajua jinsi sote tulivyofundishwa. Mtoto huanza na kijuzuu, huimba alifu na be na te, kisha fataha na kisiri na dhumma, kisha huanza Alhamdu na sura fupi na kupanda polepole mpaka Amma. Huimba pamoja na wenzake, mwili ukitikisika, na masikio yake hushika upesi kuliko macho. Hatuusemi vibaya mwendo huo. Umetupa mahafidhi wengi, na kuhifadhi ni ibada tukufu. Illa kuna mlango mmoja ulioachwa wazi, nao ni kwamba mwalimu aweza kudhani mtoto asoma, kumbe aimba.

Tuliporejea chuoni kwetu tulifanya jaribio. Tulikata karatasi ngumu, tukaitoboa tundu la upana wa neno moja, tukaiweka juu ya ukurasa wa sura ambazo watoto wazijua kama wajuavyo majina yao, Suratul Fiil na Quraish, tukaisogeza huku na huku pasi na utaratibu. Watoto 31 walikuwa wamefika juzuu Amma. Walioweza kusoma neno walilooneshwa tunduni walikuwa 12. Tulirudia siku ya pili, tukidhani labda waliona haya, wakawa 13.

Usiku ule usingizi ulitupotea, wala si kwa ajili ya hao 18, kwani hao walikuwa bado mikononi mwetu na kosa letu kwao lingeweza kutengenezwa. Tulimkumbuka mtoto mmoja ambaye jina lake hatutalitaja. Aliletwa chuoni na umri wa miaka 7, akatoka na miaka 12. Kila siku alikuwa nyuma. Wenzake wakiisha maliza aya, yeye kidole chake kingali katikati ya mstari, midomo yamtetema, aangalia herufi moja moja. Tulimwita mzito. Tulimpiga bakora, si mara moja wala mbili, na tulifanya hivyo baada ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kuikataza adhabu ya viboko. Tukijiambia kuwa hayo ni mambo ya skuli, hayakuandikwa kwa ajili ya chuo. Siku moja katika mwaka 2015 hakurudi, nasi, Mungu atusamehe, tuliona tumepumzika. Sasa tukikikumbuka kile kidole twafahamu kwamba katika darasa lile yeye ndiye aliyekuwa akisoma. Wenzake waliimba wakampita.

Wako watakaosema, na tumeshawasikia barazani, kwamba kumfundisha mwalimu namna ya kufundisha ni mambo ya kizungu yaliyotuingilia. Hao hawakuzipata khabari za wazee wao. Muhammad bin Sahnun wa mji wa Kairawani, aliyefariki mwaka 870, alitunga kitabu kizima juu ya adabu za walimu, akawataka wamwangalie mtoto wa maskini sawa na mtoto wa tajiri, na bakora akaiwekea mpaka. Baadaye, katika mji ule ule, al-Qabisi, aliyefariki mwaka 1012, akatunga chake juu ya walimu na wanafunzi. Ibn Khaldun naye, katika Mukaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliweka mlango wa kueleza kuwa ukali humdhuru mwanafunzi, humwondolea uchangamfu na kumzoeza uwongo na hila. Na mlango mwingine kwamba elimu itolewe kidogo kidogo kwa kadiri ya akili ya mwenye kuipokea. Hayo yote waliandikiwa walimu, watu ambao elimu yenyewe walikuwa wameshaipata.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hata Kairawani. Hapa petu Mombasa, mwaka 1986, baada ya wazee wa Kiislamu wa pwani kuomba msaada wa Aga Khan, ulianzishwa mpango wa chekechea za madrasa, na Bi Swafiya Said akaanza kuwafundisha kazi hiyo wanawake wa mitaa ile ile ambamo watoto waishi. Vifaa vyao vilikuwa vifuu vya nazi, kokwa na vizibo vya chupa. Mpango ukavuka hadi Unguja mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993. Sisi tulikuwa vijana wakati huo, na twakumbuka kuwa tulicheka tulipoona vifuu vikihesabiwa darasani. Waliocheka nasi wengi sasa ni marehemu, nasi twabaki na aibu peke yetu.

Sasa twaja kwenye fedha, jambo ambalo halipendwi kutajwa. Walimu wa skuli za serikali, Tume yao ya TSC ilizindua mafunzo ya kuwaendeleza mwezi wa Septemba mwaka 2021, kwa shilingi 6,000 kila mwaka kutoka mfukoni mwa mwalimu mwenyewe, nao walinung'unika, na kunung'unika kwao kulikuwa na haki. Lakini angalau mlango walioneshwa. Sisi wa vyuo hatumo katika daftari la Tume. Hapana wa kutulazimisha kujifunza wala wa kutulipia. Tulipokwenda kwa wazee wa kamati moja kuomba nauli ya Mombasa tuliambiwa mfuko hauna kitu, nao mwezi ule ule walichangisha fedha za kuupaka rangi mnara. Mnara wang'ara, alhamdulillahi. Nauli tuliyokwendea ilitoka katika upatu wa akina mama wa mtaani, ambao wengi wao hawakusoma zaidi ya juzuu mbili.

Na mudiri je? Mwenzetu mmoja tuliyekuwa naye mafunzoni alirejea chuoni kwao na karatasi yake yenye tundu, na siku ya tatu mudiri wake alimwambia aitie mfukoni, kwani hapa hatufanyi hivyo. Hakuwa mtu mbaya mudiri yule. Hakuwako, basi, hakuuona mstari ukikatwa kwa mkasi. Mudiri ndiye mwenye kukata shauri mwalimu mmoja apewe watoto 30 au 70, ndiye ajuaye fedha za mikeka ziko wapi, na ndiye awezaye kumpa mwalimu nafasi asubuhi moja kwa juma akaangalie mwenziwe afundishavyo. Mwalimu arudipo na elimu mpya kwa mudiri asiyeijua ni kama kupanda mpunga juu ya jiwe. Kwa hiyo rai yetu ni kwamba mudiri atangulie kupelekwa, au waende pamoja. Skuli zililijua hilo mapema, zikawa na taasisi ya kuwafunza wakuu wao, KEMI, na mwaka 2021 taasisi hiyo ikawa mojawapo ya nne zilizochaguliwa kutoa mafunzo ya Tume.

Chuoni kwetu tu walimu watatu. Kila Alkhamisi, kabla ya adhuhuri, mmoja hufundisha na wawili hukaa pamoja na watoto wakimwangalia, kisha watoto wakitoka twaambiana tuliyoyaona. Mwanzo ilikuwa kazi nzito. Mara mbili tuliachana bila ya kupeana mkono. Bakora tumeipandisha juu ya kabati. Ziko siku mkono waikumbuka, hatutasema uwongo.

Tulikwenda nyumbani kwa yule mtoto kabla ya mwezi wa Ramadhani. Mama yake alitutandikia mkeka uani, akaleta kahawa, tukamweleza yote kama tulivyoyaeleza hapa, na tukamwomba msamaha. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Maalim, hata mimi nilimpiga, kwa kuwa wewe ulisema hasomi."

Hatukuweza kuimaliza kahawa ile. Mwanawe alikuwa amekwenda dago na wavuvi upande wa Shimoni, basi tukamwachia mama kijuzuu kipya na salamu. Kijana alikuja baada ya Idi. Alikuwa amerefuka hata hatukumtambua mara moja. Alisimama mlangoni mwa chuo, viatu mkononi, wala hakuingia mpaka tulipoondoka mkekani tukamwendea. Alisema kazi yake haimpi nafasi, ila siku ambazo chombo hakitoki ataweza kuja. Na mpaka leo huja siku hizo, wadogo wakiisha toka, akaketi peke yake karibu na dirisha. Kidole chake kingali chaenda polepole. Sasa yuko katika Suratu Yasini.