Jina la Mtaa Kwenye Hati ya Zamani

Mimi ni mtunza nyaraka, mzaliwa wa Ipuli, Tabora, na kazi yangu ni hati za zamani katika maktaba ya chuo. Mafaili ya enzi za Mwingereza yamejaa pini za chuma zilizoshika kutu. Ukiivuta pini kwa haraka, inaondoka na maneno. Mimi hupenyeza ukanda mwembamba wa plastiki kati ya pini na karatasi, mbele na nyuma, ndipo naichomoa taratibu. Halafu brashi laini, kutoka katikati kwenda pembeni.

Mikono ikishazoea, bado kuna kazi kubwa zaidi: kuandika maelezo ya hati ili mtu aweze kuipata. Hapo ndipo watu wa Unyamwezi tunapohitajika.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina makusanyo ya Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni na kufariki mwaka 1962. Humo mna sheria na desturi za makabila mengi, Wanyamwezi na Wasukuma wakiwemo. Maktaba hiyo ina pia miswada ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu, ambayo J.W.T. Allen aliichapishia katalogi mwaka 1970. Allen aliitafuta zaidi pwani. Lakini misafara ya pembe za ndovu ilileta Tabora makarani wa mwandiko huo pia. Mtemi Mirambo aliandikisha barua kwenda kwa balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk. Taarifa za Ebenezer Southon, daktari mmisionari aliyeishi Urambo kwa mtemi huyo kuanzia 1879 hadi kifo chake 1882, ziko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS.

Herufi za Kiarabu hazina p, na makarani wengi wa zamani waliiacha m au n inayotangulia konsonanti. Kwa mwandiko huo Mirambo husomeka Mirabo, Unyanyembe huwa Unyanyebe, na Ipuli ingekuwa Ibuli. Msomaji asiyeijua Tabora ataorodhesha mahali pasipokuwepo, na anayetafuta Ipuli hataiona kamwe.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alinisomea hati ya deni aliyoachiwa na babu yake, iliyokaa miaka yote kwenye sanduku la bati. Nilikuwa nimekwama kwenye jina la shahidi. Yeye hakusita. "Hawa ni majirani zetu, mwanangu. Shamba lao lilikuwa kule kwenye miembe." Nikaandika maelezo yake na jina lake kama msomaji wa hati. Kwangu, huyo ni mtaalamu sawa na profesa yeyote.

Nawasihi wenye masanduku kama hilo: msipeleke hati steshenari kufanyiwa laminesheni. Joto na gundi vikishaingia havitoki tena. Selotepu nayo ni adui, huacha doa la kahawia. Bahasha safi ya karatasi inatosha, mbali na mchwa na unyevu. Hati ipigwe picha, ibaki kwa mwenyewe, nakala ndiyo iende chuoni.

Na vyuo vyenye hati za Unyamwezi vituletee nakala Tabora sasa. Wazee wanaousoma mwandiko ule na kuzijua koo zinazotajwa humo wanazidi kupungua, na wengi wao safari ya Dar es Salaam hawaiwezi, sembuse ya London.